Umubirizi: dawa chungu isiyojua mipaka

Leo tuongee juu ya mti ambao wengi wetu hapa Mutanga Nord tunaupita tu bila kuuangalia.

Warundi wanauita umubirizi. Washi wa Bukavu wanasema mubirizi, Wanyankole wa Uganda omubirizi. Mipaka ilichorwa na wazungu, lakini jina limebaki karibu lile lile. Kwenye vitabu ni Vernonia amygdalina. Majani yake ni machungu kweli kweli. Wazee wanayaponda, wanakamua maji, mgonjwa anakunywa kwa ajili ya homa, minyoo au tumbo. Huko Nigeria wanayaosha mpaka uchungu upungue, halafu wanapika kama mboga.

Habari yake kubwa imetoka kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika, upande wa Tanzania, kwenye milima ya Mahale. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa, walikuwa wanamfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa: amelegea, chakula hataki. Akavunja tawi changa, akalimenya, akatafuna moyo wake na kumeza maji. Seifu aliutambua mti palepale, maana kwao Watongwe ni dawa, unaitwa mjonso. Kesho yake Chausiku akapata nguvu tena. Mwaka 1989 habari ikachapishwa kwa majina yao wote wawili. Baadaye maabara zikakuta ndani ya mti huo vitu vinavyopambana na vijidudu vya magonjwa.

Oneni: bila Seifu, mtafiti angeona sokwe anatafuna kijiti tu.

Sisi tuliacha mashamba, ng'ombe na nyumba. Majina ya dawa tulikuja nayo kichwani mwa bazee, na mzee akifa ugenini, anaondoka nayo. Kwa hiyo shika daftari, uwaulize: mti gani, sehemu gani, kwa ugonjwa gani, na nani haruhusiwi kuunywa.

Na nyinyi wafanyakazi wa misaada: mama akisema amempa mtoto umubirizi, msimgombeze. Mwulizeni kiasi gani na lini. Akigombezwa, siku nyingine atanyamaza, na daktari atatibu bila kujua mtoto amekunywa nini.

Ila tusidanganyane. Kikombe cha nyumbani hakina kipimo, na malaria ya mtoto haingoji. Homa ikipanda, kwanza kituo cha afya, apimwe damu. Kumheshimu babu hakukatazi kwenda hospitali.

Kwenu mti huu mnauitaje?