Mzigo wa Mpagazi na Mzigo wa Pikapu

Kabla magari hayajafika Kigali, mji alioasisi Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907 juu ya kilima cha Nyarugenge, ngozi za ng'ombe zilizonunuliwa huko zilichukuliwa na wapagazi hadi Bukoba, zikavushwa ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikwisha kufika tangu 1901. Mpagazi alikadiriwa ratili 60 hadi 70, karibu frasila mbili. Lakini mnyapara mwenye akili hakuusahau mkeka, sufuria na posho, ambavyo navyo viliukalia mwili ule ule.

Hesabu hiyo ndiyo iwapitayo wengi wanaotaka kupachika kibanda cha kulala juu ya pikapu, wakatazama uzito wa kibanda peke yake. Ilhali yapasa kushika uzito wa juu ulioidhinishwa na mtengenezaji, kuondoa uzito wa gari lenyewe lililopimwa mizanini likiwa na mafuta, kisha abiria, vyombo, na maji (kila lita ni kilo nzima!), kinachosalia ndicho stahili ya kibanda, na ekseli ya nyuma ipimwe peke yake, maana gari likipanda vilima vya Kigali ndiyo ielemewayo zaidi.