Kukaza kwa misuli katika dansi ya nguzo

Kukaza kwa misuli katika dansi ya nguzo ni hali ambayo msuli wa mtu anayejifunza au kucheza dansi hiyo hujikunja ghafla bila hiari yake, ukawa mgumu, ukauma na kukataa kulegea kwa muda. Hali hiyo huchukua sekunde chache hadi dakika kadhaa. Kwa kawaida hupita bila kuacha madhara, lakini katika dansi hii ina hatari ya pekee: mchezaji yuko juu ya ardhi, na kinachomshikilia pale juu ni misuli hiyohiyo inayokaza.

Katika lugha ya kila siku husemwa kwamba mtu "amebanwa na misuli" au "misuli imemkaza". Ndivyo wasemavyo pia watangazaji wa mpira mchezaji anapoanguka dakika za mwisho akishika kigimbi, yaani shavu la mguu.

Tofauti na hali nyingine

Kukaza kwa misuli kusichanganywe na hali tatu zinazofanana nako. Maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya hutokana na msuli kufanyishwa kazi usiyoizoea. Msuli huo huuma ukiguswa, lakini haujajikunja. Msuli uliochanika nao huuma ghafla, ila maumivu hubaki hata baada ya msuli kulegea, na mara nyingi mahali hapo huvimba au huvilia damu. Ganzi ni kupotea kwa hisia kwa muda kwa sababu neva imegandamizwa.

Dansi ya nguzo

Dansi ya nguzo ni mazoezi na maonyesho yanayofanywa kwa kupanda, kuzunguka na kuning'inia kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa wima. Watu wengi wameifahamu kupitia kumbi za starehe za Amerika Kaskazini, lakini ustadi wa kuchezea nguzo una asili ndefu zaidi. Nchini India kuna mchezo wa mallakhamb, ambao wachezaji wake hufanya mazoezi ya viungo juu ya nguzo ya mti. Nchini China wanasarakasi hupanda nguzo ndefu na kuruka kutoka moja hadi nyingine. Tangu miaka ya 1990 dansi ya nguzo imefundishwa katika nchi nyingi kama mazoezi ya mwili, na mwezi wa Oktoba 2017 shirikisho lake la kimataifa lilipewa hadhi ya mtazamaji katika umoja wa mashirikisho ya michezo duniani (GAISF).

Katika Afrika Mashariki sanaa iliyo karibu nayo ni sarakasi. Katika miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi waliunda kikundi cha taifa. Baadaye sarakasi ilifundishwa pia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Jijini Nairobi, taasisi ya Sarakasi Trust imefunza vijana sarakasi na dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Misuli inayokaza zaidi

Mwanafunzi wa dansi ya nguzo hukazwa hasa katika sehemu nne.

Ya kwanza ni kigimbi na wayo. Mchezaji hutakiwa kunyoosha vidole vya miguu kama mchezaji wa baleti ili mguu upendeze. Kwa kufanya hivyo misuli ya kigimbi na ya wayo hufupishwa, kisha huendelea kujikunja ikiwa tayari ni mifupi. Hapo ndipo msuli hukaza kwa urahisi zaidi.

Ya pili ni kigasha na kiganja. Misuli inayokunja vidole iko katika kigasha, na anayeanza hubana nguzo kwa nguvu kuliko inavyohitajika kwa sababu ya hofu.

Ya tatu ni mapaja. Kukaa juu ya nguzo bila mikono hutegemea misuli ya ndani ya paja, na kuning'inia kwa goti moja hutegemea misuli ya nyuma ya paja ikiwa imekunjwa.

Ya nne ni tumbo na mbavu, hasa mchezaji anapojipindua kichwa chini.

Sababu

Msuli hupokea amri kutoka neva za uti wa mgongo. Ndani ya msuli mna vihisio vidogo vinavyopima urefu wake; vikivutwa, huchochea msuli ujikunje. Penye kano, mahali msuli unapoungana na mfupa, kuna vihisio vingine vinavyopima mvuto na kuzuia msuli usijikunje kupita kiasi. Hivyo huitwa viungo vya Golgi, kwa jina la mwanasayansi wa Italia Camillo Golgi (1843-1926). Katika hali ya kawaida amri hizo mbili hupimana. Msuli uliochoka hupoteza ulinganifu huo: amri ya kujikunja huzidi, ya kulegea hupungua. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1997 na mtafiti wa Afrika Kusini Martin Schwellnus pamoja na wenzake.

Maelezo ya zamani yaliweka lawama kwenye jasho. Katika miaka ya 1920 na 1930 wachunguzi waliona kwamba wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wengine wa mahali penye joto kali walikazwa misuli baada ya kutoka jasho jingi na kunywa maji matupu, na kwamba chumvi iliwasaidia. Maelezo hayo yana ukweli kwa watu wa aina hiyo. Hata hivyo, wanamichezo wa masafa marefu walipopimwa damu, waliokazwa misuli na wasiokazwa hawakuonyesha tofauti kubwa ya maji wala chumvi mwilini. Tena upungufu wa chumvi ni wa mwili mzima, ilhali anayekazwa mazoezini hukazwa msuli mmoja, ule uliofanya kazi zaidi.

Kwa mwanafunzi wa dansi ya nguzo, basi, uchovu wa msuli husika ndiyo sababu ya kuangaliwa kwanza. Mambo mengine yanayoongeza uwezekano ni kuanza bila kupasha mwili joto, kurudia tendo moja mara nyingi mfululizo, na kuwahi kukazwa msuli huohuo siku za nyuma. Baadhi ya dawa, kama zile za kuongeza mkojo, na ujauzito pia huambatana na kukaza kwa misuli.

Huduma ya kwanza

Jambo la kwanza ni kushuka. Mwanafunzi asijaribu kunyoosha msuli akiwa bado juu, wala asiachie nguzo kwa ghafla kwa sababu ya maumivu. Aliyekazwa kigimbi bado ana mikono na mapaja: ashike nguzo kwa mikono miwili na kuteleza taratibu hadi miguu iguse godoro. Aliyekazwa kigasha asiutegemee mkono huo. Abane nguzo kwa mapaja, ashike kwa mkono wa pili, kisha ashuke. Aliye kichwa chini amwite msaidizi mara moja, naye amshike kiuno na mabega mpaka afike chini. Kwa sababu hiyo anayeanza hapaswi kujipindua akiwa peke yake.

Akishafika chini, dawa ya haraka ni kuunyoosha msuli taratibu na kuushikilia hivyo mpaka ulegee. Kunyoosha huvuta kano, na kano ikivutwa huamsha ile amri ya kulegea.

- Kigimbi: kaa chini, nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwako.
- Wayo: vuta vidole vya mguu kwenda juu kwa mkono, au simama ukikanyaga sakafu kwa wayo wote.
- Misuli ya nyuma ya paja: nyoosha goti na uinamishe kiwiliwili mbele.
- Misuli ya mbele ya paja: kunja goti na ulete kisigino kwenye kalio.
- Misuli ya ndani ya paja: kaa chini, tanua miguu polepole.
- Kigasha: nyoosha kiwiko, kiganja kikitazama juu, kisha vuta vidole chini na nyuma kwa mkono wa pili.

Kunyoosha kusiwe kwa kurusharusha, kwani msuli unaovutwa kwa ghafla huweza kuchanika. Baada ya maumivu kupungua, kuchua msuli kwa mkono husaidia. Mafuta ya kuchulia yasitumiwe kabla ya kurudi kwenye nguzo, kwa kuwa ngozi yenye mafuta huteleza. Msuli uliokaza mara moja huelekea kukaza tena siku hiyohiyo, hivyo ni busara kubaki na mazoezi ya chini kwa muda uliosalia.

Kinga

Mwanafunzi hujikinga kwa kupasha mwili joto kabla ya kupanda, kubadilisha upande wa kulia na wa kushoto, na kupumzika kati ya tendo na tendo badala ya kungoja mpaka mikono itetemeke. Kutetemeka kwa msuli ni onyo kwamba umechoka. Mazoezi ya kuimarisha vigasha, vigimbi na mapaja yafanywe pia chini, nje ya nguzo, na matendo mapya yaongezwe kidogokidogo.

Anywe maji kwa kadiri ya kiu na ale chakula cha kawaida chenye chumvi. Kunywa maji kupita kiasi si kinga. Katika utafiti uliofanywa kwenye mbio za Boston Marathon mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikutwa na upungufu wa sodiamu, na kunywa maji mengi kulihusika.

Vyakula na dawa

Ndizi husifiwa kwa sababu ina potasiamu. Ni chakula kizuri, lakini haiwezi kutuliza msuli uliokwisha kukaza, kwa kuwa huchukua muda kusagwa na kuingia katika damu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, misuli iliyokazishwa kwa umeme ililegea baada ya sekunde 85 hivi kwa waliokunywa maji ya achari ya matango yenye siki, na sekunde 134 kwa waliokunywa maji matupu. Muda huo ni mfupi mno kwa kinywaji kufika katika damu. Hudhaniwa kwamba ukali wa siki huamsha neva za koo, nazo hupunguza amri ya kujikunja.

Vidonge vya magnesi havijaonyesha faida ya maana kwa wazee wanaokazwa misuli. Kwinini, dawa ya malaria, iliwahi kutumiwa sana kwa kusudi hilo katika nchi za Magharibi, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo mwaka 2006 kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na damu. Isitumiwe kwa kukaza kwa misuli.

Hali inayofanana mkoani Kigoma

Mkoani Kigoma kazi inayotumia misuli kwa namna iliyo karibu na dansi ya nguzo ni ukwezi wa michikichi. Zao hilo hulimwa katika maeneo yanayozunguka mji wa Kigoma, na utafiti wake hufanywa katika kituo cha TARI Kihinga. Mkwezi wa mchikichi mrefu hujishikilia kwenye shina kwa miguu, mapaja na mikono, mara nyingi akisaidiwa na kamba, huku akikata mikungu juu ya kichwa chake. Akikazwa kigimbi au kigasha pale juu, kanuni ni ileile: kujishikilia kwa viungo vilivyo salama, kushuka, na ndipo kunyoosha. Tofauti ni kwamba chini ya mchikichi hakuna godoro.

Dalili za hatari

Mtu anayekazwa misuli mara kwa mara bila mazoezi, au ambaye msuli wake hubaki dhaifu baadaye, anapaswa kupimwa hospitalini. Kigimbi cha upande mmoja kinachouma na kuvimba kwa siku kadhaa kinaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

Kukazwa misuli pamoja na kuhara sana majimaji huweza kuwa kipindupindu, ambacho huondoa maji na chumvi mwilini kwa saa chache. Ugonjwa huo si mgeni kando ya Ziwa Tanganyika: mwezi wa Mei 2015 ulizuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokusanyika katika kijiji cha Kagunga, ukaua watu zaidi ya 30. Mgonjwa wa namna hiyo hasaidiwi kwa kunyooshwa miguu. Apewe maji ya chumvichumvi (ORS) akiwa njiani kupelekwa kituo cha afya. Yasipokuwapo, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Tazama pia

- Misuli
- Sarakasi
- Mchikichi
- Kipindupindu
- Huduma ya kwanza