Meli Imelala Chini ya Fort Jesus, na Sisi wa Eastlands Tunaogopa Maji

Kwetu Kayole maji mengi yalikuwa na maana moja tu: timbo. Mvua ikinyesha wiki mbili, mashimo ya kuchimba mawe yanajaa, na watoto wanaenda kuogelea. Nikiwa darasa la sita tulienda watano, tukarudi wanne. Tangu siku hiyo mimi na maji tulikosana, na sioni aibu kusema.

Basi mwaka jana nikapanda treni hadi Mombasa, nikaingia Fort Jesus, nikajikuta nimesimama mbele ya sahani za kauri za China zilizokaa chini ya bahari karibu miaka 280. Wacha niwaambie zilifikaje huko, juu shuleni tulipewa nusu ya hadithi. Wareno walijenga, Waarabu wakachukua, funga kitabu.

Mwezi wa tatu mwaka 1696, Waomani waliizingira ngome. Mzingiro huo ulidumu hadi Desemba 1698. Ndani watu walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Katikati ya 1697 Wareno waliokuwemo walikuwa wamekwisha. Unajua nani alibaki akishikilia ngome? Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Mswahili wa kutoka visiwa vya Lamu ndiye alikuwa kamanda wa Fort Jesus! Miaka yote niliyokaa darasani hakuna mtu alinitajia hilo jina.

Septemba msaada ukafika. Kati ya meli zilizokuja ilikuwemo Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681. Ilitia nanga mbele ya ngome, ikapigwa mizinga, kamba zikakatika, ikasukumwa na maji hadi ikakwama. Oktoba 1697 ikazama palepale, mita chache kutoka ukutani.

Matope yakaifunika, na hayo matope ndiyo yaliyoiokoa. Wadudu wa baharini wanaotafuna mbao wanahitaji hewa iliyo ndani ya maji, na chini ya tope hewa hiyo haipo. Miaka ya 1960 wazamiaji wawili wa Mombasa wakaiona, wakamwambia James Kirkman, aliyekuwa akisimamia ngome. Kuanzia 1977 hadi 1980 wataalamu wakiongozwa na Robin Piercy, pamoja na Makavazi ya Kitaifa, walishuka mamia ya mara kuichimbua.

Na usidhani kushuka huko ni mchezo. Mita kumi tu chini, uzito wa maji unaokukandamiza pamoja na hewa ni mara mbili ya ule wa juu. Mita kumi na nane, karibu mara tatu. Ukipanda haraka, naitrojeni iliyoingia kwenye damu inatoa povu kama soda iliyotikiswa, na unaweza kufa. Kwa hivyo unafanya kazi kidogo, unapanda polepole, unarudi kesho. Walipomaliza kupima mbao za meli, walizifunika tena kwa mchanga. Ziko hapo hadi sai.

Sasa maoni yangu. Ukisema kuzamia Kenya, watu wanafikiria watalii: Watamu na Malindi, hifadhi za bahari tangu 1968, Kisite kule Shimoni, au MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili samaki wapate makao. Lakini wavuvi wa jongoo bahari wa Pwani ya kusini wanazamia kutafuta riziki, na kabla hata ya mitungi ya hewa kubuniwa watu walishuka kwa pumzi yao tu. Na leo Mkenya, Caesar Bita, ndiye anaongoza kazi ya akiolojia ya chini ya maji kwenye Makavazi. Kwa hivyo hii sio "vitu za wazungu".

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na nilikuwa nasomea historia. Kwa muda mrefu nilidhani mlango umefungwa. Halafu nikagundua sehemu ya historia yetu haiko maktaba hata kidogo. Iko chini ya mita kumi na nane za maji, na tiketi ya kuingia ni kujua kuogelea.

Hiyo ndiyo tiketi mtoto wa Kayole hapewi. Tunamwambia "usiende timbo" na tunaishia hapo. Hatumfundishi. Yule rafiki yetu hakuua mtu, hakuiba. Alitaka tu kuogelea, na hakukuwa na mtu mzima wa kumwonyesha.

Mwezi uliopita nilianza masomo ya kuogelea, kwenye bwawa la kulipia hapa Eastlands, nikiwa na watoto wa miaka saba wanaonicheka. Juzi niliweza kuweka kichwa chini ya maji sekunde kumi na moja. Kama una mdogo wako nyumbani, Jumamosi njoo naye.