Kutoka Mitchells Plain hadi Pemba: historia ya programu huria inayohesabu wagonjwa wetu

Aprili 1994, wananchi wa Afrika Kusini walipopanga foleni kupiga kura ya kwanza ya watu wa rangi zote, nchi yao ilikuwa na idara 14 za afya. Kumi zilikuwa za maeneo waliyotengewa Waafrika na utawala wa makaburu. Tatu zilikuwa za Wazungu, Wahindi na Machotara, kila kundi na yake. Moja ilikuwa ya jumla. Kila idara ilikuwa na fomu zake na hesabu zake. Serikali ya Nelson Mandela ilitangaza mapema kabisa matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6, lakini ili upeleke dawa na wauguzi panapohitajika, sharti kwanza ujue wagonjwa wako wangapi na wako wapi. Hesabu hiyo haikuwapo.

Katika pengo hilo ndimo ilimozaliwa programu ambayo leo inapokea takwimu za vituo vya afya vya Kigoma, Kisumu, Pemba, Goma na Gulu. Inaitwa DHIS2. Wahudumu wa afya wanaijua vizuri. Wananchi wanaohesabiwa humo wengi hawajawahi kuisikia. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kulipia leseni. Mijadala yetu kuhusu teknolojia hupenda kuanzia na kuishia California. Kisa hiki kilianzia Cape Town, kikapitia Oslo na Kerala, na baadhi ya sura zake muhimu ziliandikwa Unguja, Pemba na Nairobi. Kinastahili kusimuliwa kwa Kiswahili.

Mradi wenyewe ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la HISP, ukiwaunganisha watafiti na wanaharakati wa afya wa vyuo vikuu vya Cape Town na wenzao kutoka Norway, wakiwamo Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na Calle Hedberg. Moja ya maeneo ya majaribio lilikuwa Mitchells Plain, kitongoji kikubwa walikopelekwa Machotara waliofukuzwa mjini Cape Town. Watafiti hao walikuta wauguzi wakijaza fomu juu ya fomu na kuzituma juu, kisha zisirudi na jibu lolote. Kazi yao ya kwanza ikawa kupunguza: kukaa na wauguzi na wasimamizi wa wilaya na kuuliza, kwa kila mstari wa fomu, nani anautumia na kwa uamuzi gani. Usio na mtumiaji ukafutwa. Ukapatikana utaratibu rahisi. Taifa linaomba mambo machache tu ambayo ni lazima kila mahali. Mkoa unaweza kuongeza yake, wilaya yake, na kituo yake. Programu ya kwanza, DHIS, ilitengenezwa juu ya Microsoft Access ili kufuata utaratibu huo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imekubaliwa kuwa mfumo wa taifa.

Wazo hili la kumsikiliza anayejaza fomu halikutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompyuta zilipokuwa zinaingia viwandani Norway, mwanasayansi Kristen Nygaard alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Nygaard hakuwa mtu mdogo. Yeye na Ole-Johan Dahl ndio waliobuni lugha ya Simula, ambayo mawazo yake yamo ndani ya Java na lugha nyingi zinazotumika leo. Angeweza kubaki kwenye maabara akipokea sifa. Badala yake aliwasaidia mafundi wa viwandani kuielewa mitambo iliyokuwa inaletwa juu ya vichwa vyao, ili wawe na kauli juu yake. Mwaka 1977 Norway ilipitisha sheria ya mazingira ya kazi iliyowapa wafanyakazi haki ya kuhusishwa mifumo mipya inapopangwa. Braa alilelewa kitaaluma katika utamaduni huo, akautia katika wodi za Cape Town.

Lakini DHIS ya kwanza ilikuwa na kasoro iliyozidi kuuma kadiri ilivyosambaa Msumbiji, Malawi, India na kwingineko. Yenyewe ilikuwa ya bure, lakini haikutembea bila Windows na Access, na hizo si za bure. Wizara iliyopewa programu huria ikajikuta bado inadaiwa leseni kwa kila kompyuta, au inatumia nakala za wizi. Huo ulikuwa uhuru wa nusu. Wapigania programu huria walikuwa wameliona tatizo hilo zamani: Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU Septemba 1983 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haitoshi programu moja kuwa huru ikiwa imesimama juu ya msingi uliofungwa. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, msingi huo ukakamilika. Kilichobaki ni serikali kuwa na sababu ya kuutumia.

Sababu ilitoka Kerala, kusini mwa India. Jimbo hilo lilikuwa limeanza mapema kuupenda uhuru huu. Stallman mwenyewe alifika katika mji mkuu wake, Trivandrum, mwaka 2001 kuzindua tawi la India la taasisi yake. Kufikia katikati ya muongo ule, serikali ya Kerala ilikuwa inataka ofisi zake zitumie programu huria. DHIS ya Access haikufaa hapo. Oslo, walimu na wanafunzi walikuwa wameshaanza kuandika toleo jipya kwa Java, linalofunguka kwenye kivinjari na kufanya kazi juu ya Linux. Mwaka 2006 toleo hilo, DHIS2, lilianza kutumika Kerala likiwa bado bichi. Naona hapa sera ya umma ilifanya kazi ambayo soko lisingeifanya: iliweka sharti, na sharti likaharakisha programu.

Wakati huo huo, Zanzibar ilikuwa inafanya jambo ambalo kwangu ni kiini cha historia hii yote. Tangu 2005 Wizara ya Afya ya visiwa hivyo, ikisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Oslo, ilikuwa inakutanisha timu za wilaya zake 10 za wakati ule, za Unguja na Pemba, kila robo mwaka. Mikutano hiyo haikuwa ya kusikiliza hotuba. Kila timu ilisimama na kuonyesha takwimu zake yenyewe, na timu za wilaya nyingine zikazichambua mbele yake.

Mtu asiyewahi kushika rejista anaweza asione uzito wake, kwa hiyo tuchukue mfano. Tuseme makadirio yanasema wilaya ina watoto 1,000 wa chini ya mwaka mmoja, na rejista zinaonyesha watoto 1,140 wamepata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Hiyo ni asilimia 114. Mkubwa aliyeko ofisini anaweza kushangilia au kufoka. Wenzako wa wilaya jirani wataanza kuuliza. Je, akina mama wa upande wetu wanavuka mpaka kuja kwenu kwa sababu kituo chenu kiko karibu na soko? Je, makadirio yametoka kwenye sensa ya zamani, na kijiji kimekua tangu hapo? Au muuguzi, saa saba mchana na foleni haijapungua, amepiga vistari vya dozi ya kwanza kwenye safu ya dozi ya tatu? Kila swali lina dawa yake, na hakuna hata moja linalotibiwa na kompyuta. Katika mikutano hiyo iligundulika pia kwamba fomu zenyewe zilikuwa na makosa, na zikafanyiwa marekebisho, na kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na wataalamu waliujua, fomu mpya haikusubiri kampuni ya ng'ambo itume ankara. Uzoefu huo wa Zanzibar uliandikwa baadaye katika jarida la Shirika la Afya Duniani ili nchi nyingine zijifunze.

Tanzania Bara ilikuwa na vitabu vyake vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo kila muuguzi wa zahanati anavifahamu kwa namba. Vitabu havikuondoka. DHIS2 iliposambazwa mikoani katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2010, ilianzia pale kitabu kinapoishia: jumla ya mwezi inapofika wilayani, inaingizwa kwenye mfumo, na wizara inaiona. Kazi hiyo ilibebwa kwa kiasi kikubwa na timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vijana waliofundishwa hapa, ambao baadaye wakawa wanaitwa kusaidia nchi nyingine. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa fahari zaidi.

Kenya ilipiga hatua nyingine. Mpango wa kawaida ulikuwa kuweka kompyuta yenye programu hii katika kila wilaya, kisha kusafirisha takwimu kutoka mashine moja hadi nyingine. Lakini mwaka 2009 nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa, TEAMS ikitokea Fujairah na SEACOM ikishuka pwani yote ya mashariki, na mitandao ya simu ilikuwa imeenea hadi mashambani. Wizara ikaamua kila mtu aingie kwenye seva moja kwa intaneti, afisa wa takwimu akiwa na modemu yake ndogo ya simu. Septemba 2011 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuwa na mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya unaofanya kazi mtandaoni kabisa. Uganda na Rwanda zikafuata upesi. Leo mfumo wa Kenya unaitwa KHIS, na ndani yake ni DHIS2 ile ile. Palitokea mzozo wa haki: seva ya mwanzo ilikuwa ya kukodi, nje ya nchi, kwa sababu miundombinu ya serikali haikutosha. Takwimu za Wakenya kukaa ugenini si jambo dogo. Hata hivyo msimbo ukiwa wako, kuhamisha seva ni kazi ya mafundi. Ukiwa wa mtu mwingine, unaanza kwa kumwomba ruhusa.

Faida ya uwazi ilionekana tena mwanzoni mwa 2020. Sri Lanka ilihitaji kuwafuatilia wasafiri wanaoingia kutoka maeneo yenye korona, na wataalamu wake wakaitengeneza sehemu hiyo ndani ya DHIS2 kwa muda mfupi mno. Hawakuifungia kabatini. Ikatolewa kwa wote, na nchi nyingine zikaichukua na kuirekebisha. Kwa sasa programu hii inatumika katika nchi zaidi ya 80.

Wapo wanaosema programu huria ni mapenzi ya wanaharakati tu na serikali hatimaye hurudi kwa makampuni makubwa. Hutaja Munich, Ujerumani: mwaka 2003 baraza la jiji hilo lilipiga kura kuiacha Windows, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 likapiga kura kurudi. Ni kweli lilirudi. Lakini Munich ilibadilika kwa sababu meya na siasa zilibadilika, na baraza jipya la 2020 likageuka tena upande wa programu huria. DHIS2 imevuka mabadiliko ya serikali katika nchi nyingi, kwa sababu haikutegemea mapenzi ya meya mmoja. Ilikuwa na watu wanaoijua katika wizara, vyuo na wilaya.

Udhaifu wake uko kwingine, na ni vyema kuutaja wazi. Kwa miaka mingi fedha za kuiendeleza zimetoka kwa wafadhili: Norway kupitia shirika lake Norad, Mfuko wa Dunia, Gavi, na Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, ambao mfumo wake wenyewe wa takwimu, DATIM, ulijengwa juu ya programu hii. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya iliyumba ndani ya siku chache. Msimbo ulibaki, leseni haikukatika, seva za wizara hazikuzimwa na mtu wa ng'ambo. Kilichotishika ni mishahara ya watu wanaozihudumia. Nchi inayojisifu kwamba haikulipia programu lazima iwe tayari kumlipa fundi wake.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wabunge wa Dodoma, Nairobi na kwingineko. Muswada wa bajeti ya afya utakapoletwa mbele yenu, ulizeni nafasi ngapi za kudumu zimetengwa kwa wataalamu wa mfumo huu, na ni ngapi zinazosubiri barua ya mfadhili. Na kila mkataba wa programu unaolipwa na kodi, uwe wa hospitali, ardhi au mitihani, uwe na kifungu kinachosema msimbo ni mali ya umma na utakabidhiwa siku kazi inapopokelewa. Kifungu hicho ni cha sentensi moja, na gharama ya kukiandika ni ndogo kuliko ya kukikosa.