Daftari Lianze Kabla ya Ugonjwa

Shangazi yangu alitoka Juba kwenda Kampala kutibiwa saratani. Karani alipomuuliza anakaa wapi, alitaja nyumba ya jamaa aliyofikia, palepale Kampala. Mimi niliyemsindikiza niliona ni jambo dogo. Nilipoanza kusoma historia ndipo nikatambua kwamba jibu lile lilimwondoa katika hesabu ya Sudan Kusini.

Umuhimu wa hesabu hiyo ulionekana baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986. Mwaka huohuo Muungano wa Kisovieti ulianzisha rejista ya kompyuta katika mji wa Obninsk, na kufikia 1991 ilikuwa na watu zaidi ya 600,000. Iliandikwa mtu alikuwa wapi na alikadiriwa kupata mionzi kiasi gani, kisha afya yake ikafuatiliwa. Belarus, iliyoangukiwa na sehemu kubwa ya vumbi la mionzi, ilikuwa ikiandika wagonjwa wa saratani tangu kabla ya ajali. Mwaka 1992 madaktari wake walipotangaza kwamba saratani ya tezi ya shingo imeongezeka kwa watoto, wako wataalamu waliotilia shaka, wakisema ni mapema mno. Lakini hesabu za miaka ya nyuma zilikuwepo za kulinganisha.

Afrika nayo imeguswa na urani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Hiroshima ina rejista ya saratani tangu miaka ya 1950. Shinkolobwe, baada ya mgodi kufungwa, wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ya Kongo iliwapiga marufuku, na mwaka huohuo mgodi ukaporomoka na kuua watu. Anayechimba kwa kificho haandikwi. Akiugua baada ya miaka 20, nani atauhusisha ugonjwa wake na shimo lile?

Si kwamba Afrika Mashariki haiwezi. Kampala ilianza rejista yake miaka ya 1950, ikihesabu wakazi wa Kyadondo. Misukosuko ya enzi ya Idi Amin na vita vilivyofuata iliikatiza, ikafufuliwa baadaye. Siku hizi programu ya kompyuta ya CanReg, iliyotengenezwa Lyon, Ufaransa, hutolewa bure. Kigumu zaidi ni kupata karani anayelipwa mshahara kila mwezi, vita viwepo au visiwepo.

Hapa kwetu, wanaoishi karibu na visima vya mafuta wanalalamikia maji machafu. Hilo ni tatizo tofauti na la Chernobyl, lakini swali litakuwa lilelile: wagonjwa wameongezeka kuliko lini? Bila daftari la leo, wajukuu zetu hawatakuwa na jibu.

Laiti karani yule angemuuliza shangazi swali moja zaidi: "Mama, kwenu ni wapi?"