Nyumba ya Mambo Msiige na Wenyewe

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari za nyumba moja iliyoko Unguja mjini, mtaa wa Shangani, pale mji unapojitokeza baharini upande wa magharibi. Jina lake ni Mambo Msiige. Desturi ya watu ni kuandika habari za nyumba kubwa kwa kuwataja wenyewe: huyu alijenga, huyu akanunua, yule akahamia. Nasi tutaifuata desturi hiyo, ila tutatua kidogo mahali ambapo hati za nyumba hazitui.

Mwenye kuijenga alikuwa Salim bin Bushir, Mwarabu tajiri wa kabila la Harithi. Kazi ilianza mwaka 1847 ikaisha mwaka 1850, katika siku za Seyyid Said, wakati biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilipokuwa imejaa mjini. Harithi walikuwa watu wa nguvu, wala hawakupenda sana kuwa chini ya ukoo wa Busaidi. Mwaka 1859 wakubwa wao walimsaidia Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yake Majid, na jambo hilo likawaponza. Basi mtu wa jamaa kama hiyo akijenga, hajengi kwa ajili ya kulala tu. Hata jina alilolipa jumba lake laonyesha. Sisi walimu wa lugha hatuwezi kulipita jina hilo bila kusema neno: ni kitenzi "kuiga" katika hali ya kukataza, nafsi ya pili, wingi. Watu wengine hulieleza kuwa maana yake ni mambo yasiyoweza kuigwa. Lakini lilivyo, ni amri: "Enyi majirani, msiige!"

Nyumba ilijengwa kama zilivyojengwa nyumba nyingine za mawe za pwani, ila kwa ukubwa zaidi. Mawe yake ni ya matumbawe, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa tanuuni, na kuta zake ni nene. Juu hupita boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, vyumba vya nyumba hizo huwa vyembamba na virefu, kama futi kumi kwa upana. Tajiri na maskini wote waliitii boriti.

Yasemekana mjini kwamba Salim alitia maelfu ya mayai katika chokaa ili kuta zipate nguvu, na tena kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta hizo. Hadithi hiyo ya pili husimuliwa pia juu ya Beit al-Ajaib, na hilo latosha kumfanya mwanafunzi wa historia aishike kwa uangalifu. Hatuiamini kama habari iliyothibitika. Lakini hatukubaliani na wale wanaoicheka. Katika mwaka 1847, ni nani aliyebeba mawe kutoka ufukoni, ni nani aliyeipiga chokaa kwa fimbo kutwa nzima mpaka ikashikana? Watu wale hawakuandikwa popote. Wajukuu waliotaka kuwataja hawakuwa na njia ila kusema kwamba wamo ukutani.

Mwaka 1864 alifika Unguja Askofu Tozer wa misheni ya U.M.C.A., pamoja na rafiki yake Edward Steere, na misheni ikafanya makao yake katika nyumba hii. Hapa ndipo tunapopenda kutua. Muda mchache baada ya kufika kwao, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa wameshikwa katika jahazi la watumwa. Watano hao walitoka bara, kila mmoja kwao, na wakaingizwa katika jumba ambalo watu wa mji walikwisha kulisemea habari za watumwa na kuta. Hatujui kama kuna mtu aliyewanong'oneza hadithi hiyo usiku wa kwanza. Sisi tuliosoma shule za misheni tumekwisha kuwa na umri wa miaka arobaini, na bado tukiufikiria usiku ule twapata baridi.

Katika nyumba hiyo watoto walifundishwa kusoma, na Steere akawafundisha kazi ya mtambo wa kupigia chapa. Yeye mwenyewe aliusikiliza usemi wa watu wa Unguja, akayakusanya maneno, akaandika hadithi alizosimuliwa, na mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja vikatolewa. Hata mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lugha ya kuandikia vitabu vya shule katika nchi za Afrika ya Mashariki, uliichagua Kiunguja, lugha iliyokuwa imekwisha kupata vitabu na watu waliozoea kuisoma. Watu wa Mvita walikasirika, nao walikuwa na haki yao, maana tenzi zao zilikuwa za zamani zaidi. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kuanza katika kazi ya Steere na wavulana wale wenye wino mikononi.

Baadaye wavulana walihamishiwa Kiungani, nje ya mji, na wasichana Mbweni. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani ndicho kilichohamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Nyumba yenyewe ilipokwisha kukaliwa na misheni kama miaka kumi, ikawa nyumba ya balozi wa Kiingereza tangu mwaka 1874. Balozi alikuwa John Kirk, aliyekuwa ametia saini pamoja na Seyyid Barghash ule mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Mambo makubwa ya Unguja yaliendeshwa kutoka kwa mabalozi waliokaa humo: himaya ya Kiingereza mwaka 1890, manowari zilizopiga jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896, amri ya mwaka 1897 iliyofuta haki ya kumiliki mtumwa mbele ya sheria. Hayo yote yamo vitabuni, hatuna haja ya kuyarudia. Ubalozi uliondoka mwaka 1913. Toka mwaka 1918 hata 1924 nyumba ilikuwa hospitali ya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kupangusa sakafu, si kulazwa. Kisha zikafuata ofisi za serikali, miaka mingi, na ofisi hazina habari za kusimulia.

Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Baadaye Mambo Msiige ikakodishwa ifanywe hoteli, na jengo jipya likajengwa ubavuni mwake; Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika juu ya ukubwa wa jengo hilo. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015. Wako wanaohuzunika kwamba mwananchi hawezi tena kupita mlangoni bila kuulizwa shida yake. Nasi twahuzunika pamoja nao. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima wa Beit al-Ajaib ulianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Nyumba ya chokaa na boriti hutaka kupakwa na kuzibwa mvua ya kila mwaka, na hiyo ni fedha. Hatuoni kwamba hoteli ndiyo dawa iliyo bora; twaona tu kwamba paa halivuji.

Tuliwahi kuwapeleka wanafunzi wetu wa ualimu Shangani waitazame nyumba hiyo kwa nje. Wakasimama juani wakihesabu madirisha, na mmoja akauliza wale wavulana watano walilala chumba kipi. Hatukuwa na jibu. Jioni tukawaagiza waandike kwa mpango majina ya wote waliokuwa wenye nyumba, na miaka yao. Waliandika vema: Salim bin Bushir, misheni, balozi, hospitali, serikali, hoteli. Mwanafunzi yule wa chumba alikuwa ameandika, baada ya Salim bin Bushir, jina la John Swedi. Tulishika kalamu nyekundu, tukaiweka chini, tukampa alama zake zote.