Boriti za kukingama (mtumbwi, ngalawa, katamarani)

Boriti za kukingama ni miti inayolazwa kutoka ubavu mmoja wa chombo hadi wa pili. Katika ngalawa huunganisha mtumbwi na matengo yake, yaani mbao za kuelea za ubavuni, na katika katamarani hushikanisha miili miwili iliyo sawa. Tanga likichanika baharini, watu hushona au hupiga makasia wakarudi. Fungo la boriti likiachia wakati wa upepo, chombo hupinduka.

Katika bonde la Kilombero boriti hizi hazikuota mizizi, na ukiutazama mto utaona kwa nini. Mtumbwi wa Wandamba, wavuvi wa jadi wa bonde hili, ni gogo moja lililochongwa, refu na jembamba, lisilo na tanga. Huendeshwa kwa kafi au upondo. Masika mto unapomwagika mbugani, mvuvi hujipenyeza katikati ya matete, kwenye vichochoro visivyozidi sana upana wa mtumbwi wenyewe. Mfungie matengo na atanasa hata mitego yake hajaifikia. Wimbi la kumpindua hakuna. Anachokihofia ni kiboko, na kwa kiboko matengo hayafui dafu. Eneo hilo oevu, lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya kimataifa mwaka 2002, lina karibu kilomita za mraba 8,000. Wenyeji wamelivua na kulivuka vizazi kwa vizazi bila kuhitaji boriti hata moja. Mizigo mizito na magari kati ya Ifakara na Mahenge yalivushwa kwa panton, mpaka Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa mwaka 2018.

Lakini maji ya Kilombero hukutana na ya Luwegu yakawa Rufiji, na Rufiji humwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko gogo lilelile halifai tena bila miti ya kukingama. Ngalawa ya pwani ina urefu wa mita 5 hadi 7 hivi, na ndani yake mtu hukaa akabanwa. Unguja hupendwa zaidi gogo la mwembe. Mwili mwembamba namna hiyo ukisimamishiwa mlingoti hulala ubavu mara moja, na ndiyo maana boriti mbili, moja mbele na moja nyuma, hupitishwa juu ya kingo zake zikatokeza pande zote mbili. Kwenye ncha zake huning'inia mbao za kuelea, zilizoinamishwa kidogo. Upepo ukizidi, ubao wa upande wa demani husukumwa majini, na kwa kuwa umeinama hupanda juu ya maji badala ya kuzama. Ule wa upande wa joshi huinuka hewani, na mara nyingi mtu mmoja hutambaa juu ya boriti kwenda kuukalia.

Mwingereza James Hornell, aliyechunguza vyombo vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 20, aliona matengo ya pande mbili kuwa urithi wa mabaharia kutoka visiwa vya Indonesia. Hoja yake ina uzito: ngalawa za namna hiyo zinaonekana pia Komoro na kaskazini mwa Madagaska, na Kimalagasi chenyewe ni ndugu wa lugha za visiwa hivyo.

Kazi ya kufunga huanza kwenye ukingo wa mtumbwi. Fundi huchonga kitako kidogo ambamo boriti italala isiteleze, kisha hutoboa matundu ubavuni, chini kidogo ya ukingo. Kamba hupita tunduni, hupanda juu ya boriti, hushuka upande wa pili na kurudi tunduni. Mizunguko hupangwa sambamba, haipandani, na kila mmoja huvutwa kwa nguvu kabla ya unaofuata. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe bado nusu muhimu zaidi. Kamba ileile sasa huzungushwa kwa kukingama na mizunguko ya kwanza, katika mwanya ulio kati ya boriti na ukingo, ikiikaba kiunoni. Mikabo mitatu au minne ya namna hii hukaza kuliko mizunguko kumi ya kuongezea juu. Palipobaki ulegevu hupigiliwa kabari ya mti mgumu.

Kwa nini kamba na si bolti? Katika mawimbi, kila upande wa chombo hupanda na kushuka kwa wakati wake, na boriti hujikunja na kujinyonga bila kupumzika. Bolti huubeba msukosuko wote mahali pamoja: tundu lake hupanuka, maji huingia, chuma hushika kutu, na mti huoza kuanzia ndani pasipoonekana. Kamba huugawa mzigo kwa kila mzunguko na huruhusu mchezo mdogo. James Wharram wa Uingereza, ambaye mwaka 1959 alivuka Atlantiki ya Kaskazini kutoka magharibi kwenda mashariki kwa katamarani yake Rongo, baadaye alichora vyombo vingi ambavyo boriti zake hufungwa kwa kamba. Hōkūleʻa, katamarani ya Hawaii yenye urefu wa mita 19 hivi, ilishushwa majini mwaka 1975, ikasafiri hadi Tahiti mwaka 1976, na mwaka 2015 ikapitia Mauritius na kufika Cape Town. Boriti zake nazo zimefungwa kwa kamba.

Anayetaka kuunganisha mitumbwi miwili ya Ifakara atakutana kwanza na tatizo ambalo mwenye ngalawa halijui: magogo mawili yaliyochongwa kwa mkono hayalingani kimo. Boriti ikilazimishwa kukaa juu ya kingo zisizo sawa, itakuwa imekwisha kujinyonga kabla ya safari. Dawa ni kuishusha mitumbwi majini ikiwa na mzigo wake, kupima, na kuweka kipande cha ubao chini ya boriti upande uliopungua. Boriti hukatika zaidi karibu na kingo za ndani za mitumbwi kuliko katikati ya nafasi iliyo kati yake, kwa hiyo fundo la mti au ufa usiachwe mahali hapo.

Kamba ya makumbi ya nazi, iliyokuwa ikitumika pwani yote, huvumilia chumvi na hung'ang'ania mti. Nailoni iliyochukua nafasi yake ina nguvu zaidi, lakini ikilowa hurefuka, hivyo fungo lililokazwa ufukweni likiwa kavu hulegea baada ya saa chache za kusafiri. Polista hairefuki hivyo, na kwa kazi hii inafaa kuliko nailoni. Yoyote itakayotumika, adui mkubwa ni msuguano: makali ya boriti na midomo ya matundu hulainishwa kwa msasa, na panaposugua zaidi huvishwa ngozi au kipande cha mpira wa baiskeli. Fungo hukaguliwa kwa kulipinda kwa kidole na kutazama upande wa chini, kwa sababu nyuzi hukatika kuanzia huko.